Kocha Tuliyempikia

Hadi leo nikisikia harufu ya kuku wa mchuzi roho inanichafuka, na kuku mwenyewe hana kosa lolote. Kosa ni la kamati ya timu yetu ya wanawake ya mpira wa kikapu, pale Mpanda, miaka ya tisini, tulipokuwa tunatafuta kocha mkuu.

Kocha wa zamani alikuwa amehamishwa kikazi. Wachezaji wakubwa wameolewa, na waume zao hawataki hata kusikia habari ya kaptura. Tukabaki sisi wasichana, timu inaanza upya, na mashindano ya mkoa yanakuja. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: nichaguliwe timu ya mkoa. Kukimbia nilijua, kuruka nilijua, lakini mpira nikiutupa ulikuwa unagonga ubao na kunirudia. Bila mtu wa kunifundisha nisingefika popote.

Kamati ilikuwa na namna yake ya kupima makocha. Mgeni akifika hapelekwi uwanjani. Anapelekwa nyumbani kwa mwenyekiti, kule Ilembo, anakaribishwa mezani, na wapishi ni sisi wachezaji. Tunachinja, tunanyonyoa, tunasonga ugali. Wao wanakula na kuongea mpaka jua linazama. Kisha wanasema huyu ametulia, yule hajatulia, na hakuna aliyemwona hata mmoja akishika mpira. Nilikuwa nanyonyoa manyoya huku nawatukana kimoyomoyo.

Siku moja akaja mama mmoja kwa baiskeli, kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba. Alicheza kikapu akiwa shuleni kwao Burundi, kabla ya kuikimbia nchi, na ili kuja kwetu alikuwa ameomba kibali cha kutoka makazini. Mwenyekiti akamvutia kiti.

"Asante baba, nitakula baadaye," akasema. Akatugeukia sisi. "Nyie mabinti, uwanja uko wapi?"

Tukaacha masufuria, tukamfuata hadi kwenye uwanja wa sementi wa sekondari. Alitukimbiza mpaka mwenzangu mmoja akatapika. Mimi akanisimamisha mbele ya ringi, akakisukuma kiwiko changu kwa ndani, akaniambia nianze na magoti, mkono utafuata wenyewe. Nikatupa, mpira ukaingia. Nikatupa tena, ukaingia. Nikaanza kucheka peke yangu kama mwendawazimu, na yule mama naye akacheka.

Tuliporudi, chakula kilikuwa kimepoa na kamati imenuna. Mama akala kidogo, haraka haraka, giza lisimkute njiani, akaaga. Hakuwa amefika hata barabarani mwenyekiti akaanza.

"Mgeni gani anawaacha wazee mezani? Halafu mkimbizi! Hana heshima huyu."

"Lakini mzee, leo nimefunga vikapu," nikasema.

"Wewe toa vyombo."

Waliyemchagua alikuja na treni kutoka Tabora. Alikula paja, akala firigisi, akamsifu mwenyekiti kwa hekima yake, akaongezewa paja la pili, akamsifu tena. Mchuzi ulikuwa unamtiririka hadi kwenye viwiko, na wazee wazima wanamwangalia kwa mapenzi. Uwanja hakuuliza uko wapi. Nilimwonea kinyaa, na wao niliwaonea kinyaa zaidi.

Kabla sijaleta maji ya kunawa, mwenyekiti akamkabidhi mpira wetu mpya, ule mmoja tuliokuwa nao. Akaupokea kwa mikono miwili, akaupapasa huku akicheua.

"Nani kapika huyu kuku?"

Wakaninyooshea kidole.

"Basi huyu siku za mazoezi abaki jikoni. Kocha naye ni mtu, anakula."

Wakacheka wote. Mwenyekiti akauchukua mpira kwake, akanirushia nikauweke stoo. Nikaudaka, nao ukaniponyoka, umelowa mafuta ya kuku niliyempika mimi.