Kabuti Alilolalia Bwana Shauri

Kuluthumu wa Karatu hakuwa mtu wa maneno matamu. Mimi, Hyasinta, nilikuwa nikishuka kutoka Mbulumbulu na maziwa na maharage, na kwa miaka mitatu alinipokea kwa swali lile lile: "Mama Tluway, leo umekamua ng'ombe au umechota mtoni?" Kisha ananimiminia chai. Tulipatana hivyo, yeye Mwislamu, mke wa mfanyabiashara wa ngozi, mimi Mkatoliki wa shambani.

Mumewe, Omary, alikuwa akienda Kakesio na punda kununua ngozi kwa wafugaji. Akirudi anazipaka chumvi na kuziwamba uani, na harufu yake inamfuata mpaka msikitini. Alikuwa na paka mnene wa kijivu, tuliyemwita Bwana Shauri, kama yule afisa wa Kizungu wa bomani, kwa sababu alilala wenzake wakifanya kazi. Karatu kuna baridi, na paka yule hakuwa mjinga: mchana kutwa alijikunja kando ya jiko.

Mwishoni mwa mwaka 1961 zikaja zile mvua tusizozisahau. Omary aliondoka asubuhi yenye jua. Kuluthumu alimletea kabuti lake, akakataa kulibeba. "Siku nne tu, mke wangu," alisema. Baada ya wiki mbili Lengai, mfugaji rafiki yake, akafika na punda mmoja. Alikuwa ameona kwa macho yake korongo likijaa na maji yakimchukua Omary. Walimtafuta siku sita, hawakupata hata kiatu.

Msikitini walimsalia sala ya asiyekuwepo, wakamwambia Kuluthumu akae eda ya kufiwa. Akakataa. Alinishika mkono akanipeleka stoo. Pale kwenye baridi, juu ya ngozi zilizokunjwa, Bwana Shauri alikuwa amelala ndani ya kabuti la Omary, pua ameifukia kwenye kwapa.

"Tangu bwana aondoke, huyu hajarudi jikoni," alisema. "Paka apendaye moto namna hii, kwa nini alale huku? Anamngoja. Mnyama hamngoji maiti."

Paka wetu wa nyumbani hulala juu ya magunia, juu ya majivu, siku moja nilimkuta mgongoni mwa ndama, na sijawahi kumuuliza sababu. Lakini shoga yangu alikuwa amekonda kwa kumtamani mumewe. Kila akiamka alikwenda stoo kwanza, kabla hata ya kuwasha moto. Aliniambia bila haya kwamba naye huinama akainusa kola.

Siku mbili kabla ya Idi alishikwa na homa. Nilijua nyumba ya Kiislamu haiingii Idi na uchafu, nikaja kusaidia. Nilifua mapazia, kanga, shuka na foronya. Na mimi kazi nikiianza siiachi njiani, nikaingia mpaka stoo. Kabuti lilikuwa limejaa manyoya na linanuka vibaya. Nikachemsha maji, nikalipiga sabuni mara tatu, nikalianika juani. Nilirudi Mbulumbulu najisifu.

Siku ya Idi nilimkuta Bwana Shauri kando ya jiko, amejikunja kama zamani. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Kabuti lilikuwa limerudishwa juu ya ngozi, safi, na hakuna aliyelilalia. Kuluthumu alikuwa amekaa kwenye kigoda, pilau aliyoletewa na majirani hajaigusa.

Ndipo nilipoelewa nilichofanya.

"Shoga, ni mimi," nilisema. "Mimi ndiye niliyelifua. Paka alikuwa analalia jasho la bwana wake, hakuna zaidi. Usije ukadhani..."

"Najua," alisema. "Nililinusa jana, nikakuta sabuni." Alimtazama paka. "Hata mimi nilikuwa nalalia hilo hilo, mama Tluway."

Nilitaka anitukane. Badala yake alilia, mara ya kwanza tangu Lengai alipoleta yule punda, na mimi nikalia naye. Alipomaliza alijifuta uso, akaniomba nikamwite Bi Mwanamwema, mke wa imamu, aje amweleze masharti ya eda.

Masika yale yote nilimpelekea maziwa mpaka mlangoni. Alikuwa akiyapokea, anashukuru, anafunga mlango. Kila siku nilisimama kidogo, nikingoja aniulize kama nimechota mtoni.