Mkono Uliobaki kwa Hamadi

Kama kisa hukisadiki mpaka kiwe cha usiku, hiki kitakushinda. Kilitokea jua la utosi, miwani nimeifuta, na homa sikuwa nayo.

Ilikuwa miaka ya vita vikuu vya pili. Saruji haikuonekana Pemba, na shemeji yangu Hamadi, mchoma chokaa wa Shumba, alizidiwa na wateja. Desturi ya wachoma chokaa, gogo bovu la msituni hugongwa kabla ya kutiwa tanurini, likaachwa juani mpaka waliomo wahame. Waliomo ni mjusi islamu, yule mwenye magamba ya kung'aa kama kapakwa mafuta. Hutaga ndani ya magogo, hutoka mchana kuota jua, na ukimshika hukuachia mkia unaotapatapa, akaenda kuotesha mwingine. Haya niliyasoma chuo kikuu, basi nikajiona nayajua.

Hamadi, kwa haraka zake, aliyapanga magogo bila kuyagonga, chini ya matumbawe ya kuchomwa chokaa. Kashika kibiriti, mara akatokea mwanamke, ngozi inametameta, jasho hana.

"Hamadi, n'tolee wanangu kwanza. Wamo humo."

"Humo mna mawe na kuni, bibi. Wanao katafute kwa baba yao!"

Vibarua wakacheka. Nami nikacheka.

"Nakuomba tena, Hamadi."

Hamadi akamshika mkono amtoe uani. Wallahi, mkono ukabaki! Damu hata tone. Ulijinyonganyonga, vidole vikifumba na kufumbua. Hamadi akautupa tanurini, akawasha moto. Msomi wenu nilikuwa nyuma ya gunia, hata Ayatul Kursiy imenipotea.

Mwanamke hakulia. Alingoja moto ushike, akasema taratibu:

"Wangu utamea tena. Wako je?"

Mkono wa kulia wa Hamadi, ulioshika kibiriti, ukaanza kufa, kidole kimoja kimoja. Daktari wa Chake Chake aliutazama, kisha akatazama dari. Leo unaning'inia, mkavu kama ganda la mgomba, na mkewe ndiye anayemlisha.

Yule mwanamke je? Nilimwona juzi mtaa wa Madungu, dukani, ananunua sukari. Mkono mpya anao, mfupi kidogo, umepauka kuliko mwenzake. Alinitambua. Akavihesabu vidole vyangu kwa macho, akatabasamu.

Basi msomaji, ukijiwa na mama anayetaka wanawe, mtolee. Na wenzio wakicheka, wewe usicheke. Naandika haya kwa haraka, maana tangu jana kidole changu cha mwisho kimekufa ganzi.