Siku Niliyoiruka Miguu ya Sele

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi niliiruka miguu ya mdogo wangu Sele, na mpaka leo, nikiwa mama wa watoto wanne, ukoo mzima haujanisamehe.

Tulikuwa likizo Giteranyi, karibu na mpaka wa Tanzania, kwa bibi mzaa mama. Sele alikuwa amejinyoosha mlangoni kama gogo, nami nimebeba sufuria ya maharage ya moto. Nilimwambia mara tatu asogee. Akacheka. Nikamruka.

Bibi alikulia Tanzania, na miiko ya huko alirudi nayo yote, hakuacha hata mmoja mpakani. Kwake, mtu akirukwa miguu harefuki na mambo yake hayaendi, mpaka aliyemruka amruke tena kwa kurudi.

"Rudi umruke tena, mjukuu wangu. Umemfunga miguu mwenzio."

"Asogee kwanza," nikamjibu. Nilikuwa na kichwa kigumu, nakiri. Kesho yake baba akaja kuturudisha Gitega, na sikuruka.

Basi Sele akabaki mfupi. Ufupi huohuo ndio uliompenyeza katikati ya mabeki, ukamtoa kwenye uwanja wa vumbi wa mtaa wetu wa Yoba hadi ligi kuu, kisha akacheza nchi za nje, timu tatu. Akifunga bao, ni kipaji chake na dua za mama. Akikosa penalti, simu inalia dukani kwangu: "Unaona, Zaina? Ile miguu!" Alipoachwa timu ya taifa, ni mimi. Mimi nauza vitambaa sokoni, hata kuotea sijawahi kuelewa ni nini, lakini nililaumiwa kuliko kocha.

Goti lake lilipokwisha kabisa, hajafika hata miaka thelathini, alirudi nyumbani akichechemea. Mama aliniangalia miguu tu.

Mwaka jana bibi alianza kudhoofika, akatuma ujumbe kwamba hataki kufa kabla jambo letu halijarekebishwa. Nilikuwa nimechoka kubishana. Tukapanda basi mimi na Sele hadi Muyinga, kisha pikipiki, mimi nimenuna njia nzima. Bibi, ambaye macho yake hayaoni tena vizuri, akaketi kitandani, akamwamuru Sele alale mlangoni. Mzee mzima, mwalimu wa mpira wa watoto wa mtaa, akajinyoosha sakafuni. Nikakusanya kanga, nikainua mguu.

"Oya, Zaina," akaninong'oneza. "Usiruke."

"Juu ya nini tena nisiruke?"

"Goti iliharibika mapema. Docteur aliniuliza kama iko inauma, nikamwambia non. Ningesema ndiyo, wangenitoa kwenye timu. Nikacheza nayo mwaka muzima mpaka ikakatika. Mi nilikuwa najua si we."

"Na miaka yote hii unaacha wananisema?"

"Ilikuwa rahisi kusema ni we."

Hasira ilinipanda. Nilitaka kumkanyaga, Mungu anisamehe.

"Mmemaliza?" bibi akauliza toka kitandani.

Ningeweza kumwaga yote pale pale. Nikamtazama Sele, amefumba macho, anasubiri niseme.

"Nimemruka, bibi," nikadanganya.

"Alhamdulillahi," akasema, akajilaza ametulia. Na mama sasa anaapa kwamba Sele hachechemei tena kama zamani. Nani atabishana na mama?

Bado nina hasira, sifichi. Lawama nilishazizoea, hizo zingepita. Ila mwaka ule alioficha goti, Sele alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa baada ya swala. Nami, kwa kuchoshwa na habari za miguu, nilimjibu haraka haraka kwamba nina wateja, nikakata. Huenda siku moja alitaka kuniambia. Sikuwahi kumuuliza anaendeleaje.