Namba nne nyekundu kwenye mashine ya alignment, na ng'ombe wa mjomba waliokuwa ndani yake

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Nimeona humu jukwaani vijana wanatishwa na namba za wheel alignment, kile kipimo cha mkao wa tairi, za four wheel za kizamani, mpaka wengine wanauza gari zima kwa bei ya chuma chakavu. Nikasema leo niache uvivu, niandike.

Haya yalinipata mwenyewe, Dodoma. Chumvi sijaongeza. Hata ningetaka kuongeza, enzi hizo nilikuwa nimechoka mno kuibeba.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mashirika ya umma yanauzwa kipande kipande, meza mpaka magari. Mimi nikaangukia pikapu ya four wheel kwenye mnada wa shirika lililokuwa linafungwa. Gari la kazi. Mbele lina ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachoshika tairi zote mbili, siyo haya ya siku hizi ambayo kila tairi inajitegemea.

Hela yangu haikutosha. Mjomba Lameki, kaka yake mama, anaishi Mlali, akauza ng'ombe wanne kunijazia.

Hapo naomba tuelewane. Wale ng'ombe hawakuwa wa ziada. Walikuwa wa mahari ya mwanawe Yohana, na upande wa binti walishaambiwa wapo. Tulikubaliana kwa mdomo tu: nibebe mazao msimu ule, ng'ombe warudi zizini kabla wakwe hawajaanza kukohoa.

Nikaanza kazi. Mlali, Kongwa, Dodoma mjini. Karanga, mahindi, mbuzi wa mnadani.

Gari likaanza vituko.

Likiwa na mzigo, linaenda. Nikishusha mzigo nikirudi mtupu, linatangatanga kama mtu anayetoka kilabuni huku anajua mkewe yuko macho. Unapiga kona, usukani haurudi wenyewe, mpaka uurudishe kwa mkono. Upepo wa tambarare ya Kongwa ukikupiga ubavuni, ndiyo unakumbuka sala zote ulizofundishwa.

Na tairi za mbele zinalika upande wa ndani. Zote mbili. Nanunua jozi, zinaisha, nanunua nyingine. Faida yote ya karanga inageuka raba.

(Kuhusu mimi: kuna watu wakipewa chenji wanahesabu mara moja wanaondoka. Mimi hata salamu nahesabu mara mbili. Kumbukeni hilo, linakuja kusaidia mbele.)

Nikachoka. Nikamwambia mjomba tuuze.

Mnunuzi akapatikana, Kasimu wa Mpwapwa, mfanyabiashara wa magari yaliyochoka. Ameoa kwetu, kwa hiyo ananiita shemeji, na mnajua mtu akishakuita shemeji kwenye biashara, shika mfuko. Akasema kabla ya bei, gari lipimwe alignment mjini. Nikakubali. Mjomba naye akapanda basi kuja kushuhudia, kofia kichwani, fimbo mkononi.

Karakana ilikuwa ya fundi mmoja, Side, mwenye mashine ya kompyuta. Kwanza akapima upepo wa tairi. Kisha akainua mbele kwa jeki, akashika tairi moja moja, akatikisa juu na chini, kushoto na kulia. Bearing nzima, bushi nzima, tairodi, vile vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi, hazichezi. Ndipo akafunga vipimo.

Kwenye kioo zikatokea namba sita za mbele, tatu kila upande. Mbili kijani, nne nyekundu.

Kasimu akapiga mluzi.

"Shemeji, nyekundu nne! Hili lilishapinduka. Chasisi imepinda."

"Nyekundu ni mbaya?" mjomba akauliza.

"Mbaya sana, mzee wangu. Mimi nalichukua kwa huruma tu."

Huruma yake alipoitaja kwa shilingi, ilikuwa haifiki hata ng'ombe wawili.

Mjomba akaketi juu ya tairi bovu, akaanza kuchora chini kwa ncha ya fimbo. Namjua. Alikuwa anafikiria maneno ya kwenda kuwaambia wakwe.

Mimi ubishi wa bei ulikuwa umeniishia. Nilikuwa tayari kusema chukua, twende nyumbani. Ila mazoea ni ugonjwa: nikazihesabu zile namba mara ya pili.

Mara ya kwanza nilihesabu rangi. Mara ya pili nikasoma zimeandikwa nini, nikamsumbua Side anieleze moja moja.

Camber, ni tairi kulalia ndani au nje ukilitazama gari kwa mbele. Kijani, kushoto na kulia.

Toe, ni ncha za mbele za tairi kuelekeana au kuachana, kama nyayo za mtu anavyotembea. Nyekundu zote mbili. Zangu zilikuwa zinaachana, bata kabisa. Ndiyo maana zinalika ndani.

Caster, ni ule mlalo wa kuelekea nyuma unaofanya usukani urudi wenyewe. Fikiria gurudumu la mbele la baiskeli, uma wake haujasimama wima, umelala kidogo. Nyekundu zote mbili. Mashine inataka walau digrii moja. Yangu kushoto sifuri nukta mbili. Kulia sifuri nukta mbili.

Nikarudia kusoma. Mbili, na mbili.

"Fundi," nikasema, "kitu kikipinda, kinapinda sawasawa pande zote?"

Side akanitazama. "Mara chache sana. Ekseli au chasisi ikipinda, kushoto na kulia hukataa kufanana. Na ekseli hii ingepinda, camber ingelia mapema."

"Sasa mbona caster imekosea sawasawa?"

Akazunguka nyuma ya gari, akainama, akacheka. "Njoo uone makalio ya gari lako."

Wakuu, nyote mnaojua barabara zetu mnajua hiyo tabia. Kila pikapu ya kubeba mazao lazima iongezwe vyuma vya spring nyuma, isikae chini ikishiba. Karakana ya lile shirika iliviongeza bila haya. Gari likiwa tupu, nyuma iko juu, pua iko chini, na ekseli ya mbele imezungushwa pamoja nalo. Caster yote imemwagika hapo.

Kasimu akasema hayo ni maneno ya fundi mwenye njaa.

Nikamwambia tupime. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na mama ntilie na wateja wake wanasubiri wali uive. Nikawaita wapande nyuma ya pikapu, nalipa chai. Mmoja akadai na chapati. Tukabishana, tukaishia nusu chapati. Wakapanda, wakajipanga kama wanakwenda harusini.

"Bado pako wazi," Side akasema.

"Shemeji," nikamwambia Kasimu, "panda na wewe. Kilo zako zinahitajika, na wewe ni mwanandugu."

Watu wakaangua kicheko, akapanda kwa aibu. Mjomba akapanda mwenyewe bila kuitwa, na fimbo yake.

Nyuma ikashuka. Side akaagiza wote watulie kama wanapigwa picha, akapima upya.

Moja nukta moja. Kushoto na kulia. Kijani.

Kasimu alishuka wa kwanza. Akasema anaweza kuongeza bei kidogo. Nikamwambia shemeji, kunywa chai kwanza, imeshalipwa.

Side akalegeza tairodi akaweka toe sawa, tukatoa chuma kimoja cha spring kila upande nyuma, usukani ukapata akili. Sikuuza.

Ila msidhani niliruka kwa furaha. Spring zikipungua, na magunia yanapungua. Safari zikawa nyingi, mzigo kidogo, mgongo wangu ukalipa tofauti. Msimu ukaisha ng'ombe wawili tu wamerudi. Mjomba akaenda kwa wakwe kuomba wavumilie mpaka mavuno mengine, na mzee wa heshima zake kuomba muda siyo jambo dogo. Yohana alikuwa ananisalimia huku anatazama pembeni. Sikumlaumu.

Wa tatu akaja. Wa nne nikamnunua mnadani Kongwa, nikampakia kwenye pikapu ileile. Uzito wake ukaketi nyuma, gari likanyooka mpaka Mlali, usukani naushika kwa vidole viwili.

Mjomba akafungua zizi, akahesabu mara moja, akasema, "Wametimia." Mimi nikahesabu tena. Kisha nikaenda kulala kwenye tembe yake, viatu miguuni.

Nilichojifunza: usisome rangi, soma namba, na linganisha kushoto na kulia. Kabla ya mashine, tairi zitikiswe kwa jeki, maana kipimo cha vyuma vilivyolegea ni uongo wenye desimali. Na gari la mzigo mwambie fundi huwa linabeba nini, kisha lipimwe hivyo.

Wenye four wheel za kizamani, semeni zenu zinasoma ngapi kushoto na ngapi kulia. Na kama kuna shemeji kaja na huruma yake, mleteni hapa tumpakie kwanza.