Ripoti Zilizokosekana Kwenye Faili Langu

Kwa miaka miwili nilikaimu nafasi ya mkuu wa kitengo cha maji katika ofisi ya Kisumu ya shirika moja la kimataifa. Mimi ndiye niliyewatuma wapimaji wa maji kwenye visima vya Seme, mimi ndiye niliyetia saini likizo zao. Nafasi ilipotangazwa, nikaomba. Akapewa mwenzangu ambaye meza yake ilitazamana na yangu. Barua yangu ilisema sikuwa na uzoefu wa kusimamia wafanyakazi.

Niliisoma mara tatu, nikaenda kunawa uso.

Wakili mmoja wa mjini, niliyesoma naye Maseno, hakuzunguka. "Mahakama zetu hazitaipokea kesi hii. Shirika lako lina kinga ya kutoshtakiwa. Anza ndani kwa ndani: omba uamuzi uangaliwe upya. Wakikataa, nenda kwenye baraza lao la rufaa. Lakini muda wao ni mfupi. Ukichelewa siku moja, umekwisha."

Sikuchelewa. Niliomba kwa maandishi nionyeshwe walichotumia kuamua. Faili lilipokuja, ripoti zangu za tathmini za ile miaka miwili hazikuwemo. Jopo la usaili lilikuwa limesoma za zamani tu, za wakati nilipokuwa mpimaji.

Mwenzangu aliacha kula nami chakula cha mchana. Siku moja akasimama mbele ya meza yangu. "Unataka kuninyang'anya kazi?"

"Wewe sina neno nawe," nikamwambia. "Ninapinga namna walivyoamua. Soma mwenyewe."

Nikamsogezea karatasi. Hakuzichukua.

Ombi langu la kutaka uamuzi uangaliwe upya lilikataliwa. Mamangu, mwalimu mstaafu kule Kombewa, akaniuliza, "Na wakikufukuza?"

"Nitakuja tulime mtama, Mama. Lakini barua ile ni ya uongo, na ina jina langu."

Akavaa miwani. "Basi lete hiyo rufaa niisome. Wewe na koma hamjawahi kuelewana."

Tuliimaliza Jumamosi moja nyumbani kwangu Migosi, yeye akisahihisha, mimi nikichapa.

Ulipita zaidi ya mwaka kabla baraza halijanisikiliza, kwa njia ya video. Mwakilishi wa shirika alisema kuchagua ni hiari ya mkurugenzi. Jaji mmoja akamuuliza, "Hiari hiyo ilitumika kwa kuzingatia faili kamili?" Mwakilishi akapekua karatasi zake, kisha akakubali kwamba faili halikuwa kamili.

Hawakunipa cheo. Walifuta uamuzi, wakaagiza usaili urudiwe mbele ya jopo jingine. Tulihojiwa upya mimi na mwenzangu, kila mmoja na faili lake lote. Nikaipata nafasi. Yeye akaomba uhamisho, na siku ya kuondoka akanipa mkono. Iliniuma, maana kosa halikuwa lake.

Wiki hiyo nilibandika kanuni za kupandishwa cheo ukutani, karibu na chumba cha chai. Dereva wetu alizisoma akiwa amesimama, kikombe mkononi, mpaka chai ikapoa. Kisha akaja kuniuliza mtu huandika vipi barua ya kuomba kuona faili lake.