Siku Niliyomwita Bi Tatu Mwizi wa Shilingi Kumi

Aibu hii nilitaka nife nayo, lakini kwa kuwa mmeniuliza kwa nini kwenye mikutano ya kampuni huwa nakaa nyuma kabisa, basi sikilizeni.

Mwingereza alikuwa bado anatawala, nami nilikuwa fundi cherehani pale Mzenga, Kisarawe, fundi pekee aliyefika darasa la nne (na sikumwacha mtu asahau). Watu wa Kisarawe walianzisha kampuni ya mashine ya kukoboa mpunga, wakauza hisa kwa yeyote anayetaka. Mimi nilichelewa, mashine imeshaunguruma msimu mzima, nikanunua hisa moja kwa shilingi thelathini za kushona kanzu za Idi.

Hesabu zilikuwa mikononi mwa Bi Tatu, mjane wa mwenye duka, mwanamke wa sauti ndogo. Siku moja nikakuta hesabu za mwaka zimebandikwa mlangoni mwa banda la mashine, nikasoma mstari wa kwanza: mtaji wa hisa, kila hisa shilingi ishirini. Nikaishia hapo. Mimi nimetoa thelathini, sasa kumi iko wapi?

Nikamwambia shemeji yangu Mwinyimkuu (ukimwambia yeye umeiambia Mzenga nzima), na kufika siku ya mkutano pale bandani tulikuwa kundi zima, tena na jumbe, mkuu wa kijiji, tumemwita aje ashuhudie.

Nikasimama na kanzu yangu mpya. "Bi Tatu, umeandika ishirini, mimi nimelipa thelathini. Shilingi zangu kumi umezila."

Mjane yule hakuwa na kitu kingine pale isipokuwa jina lake, nami nilikuwa nimelishika kooni. Akaenda mlangoni taratibu, akaibandua karatasi, akanipa.

"Mwanangu, tusomee mstari wa pili, wote wasikie."

Nikasoma, sauti ikinipungua: malipo ya ziada juu ya thamani ya hisa.

Mwinyimkuu akadakia, "Kama ni ziada, basi ni faida. Tugawane."

"Si faida, baba," akasema Bi Tatu. "Faida inaletwa na kazi ya mashine. Hii imetoka mifukoni mwa wenye hisa. Ishirini ndiyo thamani tuliyoiandika kwenye cheti siku ya kwanza, wakati hatuna hata msumari, na walioitoa hawakujua kama wataiona tena. Anayekuja leo anakuta mashine inafanya kazi, kwa hiyo anaongeza kumi ili alingane nao. Kumi hiyo inaandikwa mstari wake, inabaki kwenye kampuni, ni yetu sote. Ndiyo iliyonunua bati hili mlilokaa chini yake."

Jumbe akatazama juu. Sote tukatazama juu.

Mimi nimesikia wasomi wengi tangu hapo, lakini sijamsikia aliyeeleza hesabu vile, bila kukunja uso, mbele ya mtu aliyetoka kumwita mwizi. Nikamwomba radhi palepale, machozi yananilenga.

"Umeuliza hadharani, nimekujibu hadharani," akasema. "Ungenong'ona tu, ningejiteteaje?"

Na mimi nilikuwa nimenong'ona kwanza, wiki mbili nzima. Hilo sikumwambia. Tangu siku ile simtaji mtu kwa ubaya kabla sijafika mwisho wa ukurasa, na hata nikifika, narudi juu nikasoma tena.