Miguu ya Shangazi Mariamu

Nilipokuwa mtoto nilimruka shangazi yangu miguu, na mpaka leo sijui kama nilikosa au la. Shangazi Mariamu, dada yake baba, hakuwahi kutembea. Alikaa mlangoni pa tembe letu, mbali kidogo na Sepuka, miguu ameinyoosha, akipepeta uwele. Mimi ndiye niliyemwogesha. Bibi, mama yao, alinionya kila mara: ukimruka kiwete miguu, utazaa mtoto wa miguu hiyo. Ukijisahau, unaruka kurudi ulikotoka, mlango ule ule, na mambo yanaisha.

Siku ya kuhamia kijiji cha ujamaa, lori lilikuja asubuhi na halikuwa na muda wa kumsubiri mtu. Nilitoka ndani mbio na kibuyu cha samli, nikaruka. Bibi aliniona, akaniambia nirudi upesi. Nilipogeuka, baba alikuwa keshambeba shangazi mgongoni, na mlangoni hapakuwa tena na miguu ya kuruka. Nikaruka hivyo hivyo, peke yangu, mara tatu nne. Watu walinicheka, wakanipakia. Kesho yake baba alirudi kubomoa lile tembe ili achukue miti ya paa.

Nilikua na woga huo, nikaolewa nao. Mtoto wa kwanza alikuwa mzima, nikajiona mjinga. Wa pili, Elia, alifikisha miaka mitatu hajasimama.

Bibi alikuwa keshafariki. Nilimbeba Elia mpaka kwa shangazi, nikapiga magoti, nikalia, nikaomba msamaha. Yeye akamchukua mtoto, akaanza kumwogesha kuanzia visigino, vile vile nilivyokuwa nikimwogesha yeye. Utulivu wake uliniudhi. Nilitaka anilaumu.

"Sawa, wewe uliniruka mimi," alisema mwishowe. "Na mama, aliponizaa mimi, alikuwa amemruka nani?"

Aliniomba nimpe mafuta ya kumpaka mtoto.

Leo Elia ni fundi baiskeli, na shangazi alizikwa akiwa amemlea miaka kumi na moja. Wajukuu wangu wanacheza anapofanyia kazi, miguu yake imenyooka chini. Nawaambia wazunguke. Elia anacheka, anawaambia waruke tu.

Wanaruka. Nami nakaa pembeni, nikiwahesabu kama wote wamerudi.